Jenereta, Papadi na Kunguru wa Mzee Harilal

Jenereta ya Mzee Harilal ilifika nyumbani juu ya mkokoteni, imefunikwa gunia, na yeye mwenyewe akitembea pembeni, mkono juu ya gunia, mithili ya mtu anayemsindikiza bibi harusi. Champaben, mkewe, aliwaona kutoka dirisha la ghorofani. Kabla mkokoteni haujasimama alikwishajua kwamba siku hiyo hapatakuwa na amani ndani ya nyumba ile, maana mumewe alikuwa amechomeka bisibisi kwenye mfuko wa shati, mahali ambapo watu wengine huweka kalamu.

Harilal alikuwa mtu mzuri. Hilo lisemwe mapema, kwa sababu yatasemwa na mengine. Alikuwa ameuza vitambaa Kariakoo karibu maisha yake yote, na tangu aache duka alijipa kazi mpya: kila kitu chenye skrubu kilimhusu. Alikwisha kutengeneza pasi, redio na saa ya ukutani, na vyote vitatu vilikuwa kabatini vikisubiri kutengenezwa.

Mwaka ule ulikuwa wa mgao. Mabwawa yalikuwa yamepungua maji, umeme ukawa unakuja unapojisikia na kuondoka bila kuaga, na maduka ya Kariakoo yakafurika jenereta za kila rangi, zimepangwa barazani hadi wapita njia wanashuka barabarani. Harilal aliyewahi kupanga foleni kwa ajili ya mche wa sabuni, na kuukosa, hakuweza kupita mbele ya duka lililojaa namna ile bila kununua kitu. Soko lilikuwa huru, na yeye alijiona analikomoa.

Lakini hata hivyo, nyumba yao haikuwa na sababu ya kuhitaji jenereta. Mtoto wao Paras, aliyekuwa akifanya kazi Arusha, alikuwa amewafungia sola: paneli juu ya paa, betri kubwa kwenye korido, na juu ya betri ukutani ile inveta, sanduku la chuma linalochukua umeme wa betri na kuufanya uwe wa kuwashia taa na feni kama umeme wa kawaida. Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Mtaa mzima wa Kisutu ukizama gizani, wao walikuwa wanakula chini ya feni. Kisha, majuma machache yaliyopita, sola ikaanza kuchoka. Kabla hawajamaliza chakula cha jioni inveta ilikuwa inalia pii, pii, na taa zinakufa wakiwa na tonge mkononi.

"Sola imekwisha nguvu," Harilal alisema, akiigonga inveta kwa kifundo cha kidole, kama daktari.

Champaben aliogopa kufungua mdomo, kwa sababu sola ilikuwa na nguvu zake zote. Ilikuwa imefunikwa tu. Ilikuwa imefunikwa na sari kuukuu nyeupe, na juu ya sari zile papadi zake, vimkate vikavu vya Kihindi vya kukaanga.

Ilikuwa hivi. Kila mwaka sikukuu ya Divali ikikaribia, kabla mvua za vuli hazijaanza, wanawake wa mtaa ule walikuwa wakipanda juu ya paa la Champaben na unga wa choroko, chumvi, pilipili manga na vibao vyao vya kusukumia. Walisukuma papadi nyembamba mpaka unaona kidole upande wa pili, wakazianika juani, na huku wakiwasema waume zao kwa utulivu, bila haraka. Miaka ikapita. Mmoja akaenda Toronto kwa mwanawe, mwingine London. Mwaka juzi Zarna, rafiki yake wa tangu usichana, akachukuliwa na binti yake kwenda Leicester, na Champaben akabaki na paa peke yake. Baadaye Paras akaja na paneli zake, akazipanga palepale kwenye jua zuri.

Champaben alijaribu kuanika pembeni, kwenye kivuli cha tangi la maji. Papadi zikakaa siku nzima na bado zinanata. Ndipo akaiangalia ile paneli: kioo safi, cha moto, kimelala kwa mteremko mdogo usiotelezesha kitu. Aliifuta kwa kitambaa, akatandika sari, akaanika. Kabla ya adhuhuri papadi zilikuwa zimekauka na zinalia zikigongana. Alifurahi hata akasahau kwamba paneli nayo ilikuwa na kazi yake na jua lile lile.

Alipokumbuka alikuwa amekwishazoea. Kila asubuhi alijiambia hizi ndizo za mwisho. Kumwambia mtu hakuweza. Paras alikuwa na mpango wake wa siku nyingi juu ya ile ngazi ya chuma ya kupandia paani. Alisema mama mwenye umri wake hana sababu ya kuparamia ngazi, na siku atakaposikia kuna mtu amezigusa paneli ataweka mlango wa nondo na kufuli. Paras hakuwa mtu wa kutania. Na lile paa, ukiondoa jiko na hekalu, ndilo lililokuwa limebaki la Champaben katika mji huu.

Kuhusu Harilal, Champaben hakuwa na wasiwasi. Harilal alikuwa na goti, na goti lake halikupanda ngazi ya chuma. Alikuwa amelitangaza hilo mbele ya mashahidi. Adui wa Champaben kule juu alikuwa mmoja tu, kunguru. Kila alasiri alipokwenda kuanua alikuta safu ya pembeni imepungua. Aliwatukana kunguru wale kwa lugha zote alizozijua, nao walimtazama kutoka kwenye waya wa simu kama watu wanaosingiziwa.

Basi jenereta ikapandishwa na wabeba mizigo mpaka baraza ya nyuma, chini kabisa ya dirisha la jikoni, na Harilal akaketi kwenye meza ya kulia na mkasi, waya mrefu na plagi mpya. Champaben alisimama nyuma ya bega lake, akatazama.

"Baba Paras, huo waya una plagi upande huu."

"Ndiyo."

"Na upande huu pia una plagi."

"Ndiyo maana mimi ni fundi na wewe unauliza," Harilal alisema. "Plagi hii inaingia kwenye jenereta. Hii nyingine inaingia kwenye soketi ya jikoni. Umeme unapita hapo, unazunguka nyumba nzima, kila taa inawaka. Kariakoo nzima wanafanya hivi."

"Soketi si ya kutolea umeme?"

"Ya kutolea na ya kuingizia. Ni tundu tu, Mama Paras. Tundu halina akili."

"Vicky alikuuzia huo waya?"

Vicky alikuwa binti wa Kasmir, Mchaga mwenye duka la vifaa vya umeme karibu na Msimbazi. Kasmir aliuza; Vicky, aliyesomea umeme chuoni, ndiye aliyefunga, na ndiye aliyemsaidia Paras kuzifunga hata zile paneli.

"Vicky ni mtoto," Harilal alisema.

"Alisemaje?"

Harilal aliinamia skrubu yake. "Alisema waya wa namna hiyo hawauzi. Akasema atakuja mwenyewe kufunga. Nikamwambia asijisumbue, kwangu kuna fundi."

Champaben alikwenda kupiga deki jikoni. Alikuwa na desturi ya kupiga deki akiwa na hofu, na siku hiyo alipiga sakafu yote, na kona zake. Nje akasikia mumewe anavuta kamba ya jenereta mara ya kwanza, anapumzika, anavuta tena, anaisemesha kwa Kigujarati, kisha ikanguruma. Vyombo vikatetemeka kwenye rafu. Moshi ukaingia dirishani, ukajaza jiko, na Champaben akaanza kukohoa.

Harilal akaingia mlangoni akitabasamu. Alikuwa peku. Waya ulikuwa unamfuata nyuma, ncha moja imekwisha chomekwa kwenye jenereta inayonguruma, na ncha nyingine ameishika mkononi karibu na kitambi, meno ya shaba yametokeza wazi. Sakafu ilikuwa bado ina maji.

Champaben hakuwa amesoma umeme, lakini alikuwa ameshika plagi maisha yake yote. Siku zote plagi ikiwa mkononi ni mfu. Umeme unabaki ukutani, umejificha ndani ya matundu. Hii ilikuwa imegeuka. Umeme ulikuwa kwenye yale meno, nayo yalikuwa yanakuja kuelekea kwake yameshikwa na mtu anayempenda.

"Simama hapo," alisema.

Katika ndoa yao yote hakuwahi kumwambia hivyo. Harilal alisimama, mguu mmoja juu.

"Usiguse hayo meno. Usikanyage maji. Rudi ulivyokuja, uzime."

Alirudi kinyumenyume, polepole, na injini ikanyamaza. Champaben aliogopa hasa. Aliona wazi jinsi ambavyo angeweza kuwa amepiga magoti kando ya mumewe pale kwenye maji, na jenereta inaendelea kunguruma kana kwamba hakuna kitu.

Harilal alikwisha pata sauti. "Kosa dogo tu. Ningeanza na soketi, ndipo niwashe. Nitaanza upya."

Hapo Champaben alijua kwamba kuna mtu mmoja tu mjini anayeweza kumzuia, na alijua pia bei yake. Vicky akija ataangalia betri. Akiangalia betri atauliza kwa nini hazijai, na akiuliza atapanda juu. Yule binti hakuwahi kufanya kazi nusu. Atakuta sari, atakuta papadi, atampigia Paras, na kufuli litakuja kutoka Arusha na basi la kwanza. Alilifikiria paa lake, jua lake, na sauti za kina Zarna ambazo akikaa kule bado alizisikia. Kisha akamwangalia mzee wake, peku, na waya wake wa mauti begani, anatafuta mahali pa kuanzia upya.

Alikwenda kwenye simu ya mezani, akampigia Vicky.

Vicky alifika na begi la vifaa na kofia ya duka, akavua viatu mlangoni.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee."

"Marahaba," walijibu, mmoja kwa furaha na mwingine kwa taabu.

"Mzee Hari, mambo ya chumvi yanaendaje? Daktari bado amekukatalia?"

"Amenikatalia kila kitu," Harilal alisema. "Na wewe umekuja kunikatalia kilichobaki."

Vicky aliuona waya juu ya meza. Alitoa mkasi, akaukata katikati, akamrudishia vipande viwili kwa adabu, kwa mikono yote miwili.

"Huu ulikuwa mpya," Harilal alilalamika.

"Ulikuwa mpya na ungekuua upya upya. Haya, mzee, tuache habari ya huo mkono wako kupigwa na umeme. Umeme wa jenereta ukiingilia kwenye soketi, unaenda kukutana na wa inveta, ambayo nayo inatoa umeme kwenye nyaya hizo hizo. Wote wanasukuma, hakuna anayepokea. Inveta ya Paras ingekuwa majivu. Na umeme wa mtaani ukirudi je? Au wako ukatoka nje kwenye nguzo, na kuna kijana wa watu yuko juu anatengeneza laini, anajua imezimwa? Huyo ana mama yake."

Harilal alisema kwamba Kariakoo nzima wanafanya hivyo.

"Kariakoo nzima wana bahati," Vicky alisema. "Bahati sina dukani, mzee. Ninayo swichi."

Kwanza aliiondoa jenereta chini ya dirisha. Moshi wake, alisema, hausubiri mtu akohoe. Ukikaa ndani unalaza watu na hawaamki. Wabeba mizigo wakaitwa tena, ikateremshwa mpaka uani, mbali na madirisha, bomba la moshi limeelekezwa kwenye kichochoro. Akapigilia fimbo ya shaba ardhini na kuifunga waya wa jenereta, ili umeme ukivuja uishie chini. Kisha akaja kwenye inveta, akazima kila kitu, akamwonyesha Harilal kwamba sanduku lile lina pande mbili. Upande huu umeme unaingia, kuja kuchaji betri. Upande ule unatoka, kwenda kwenye taa. Jenereta inaingia huku, haiingii kule, wala haiingii ukutani.

Katikati akafunga swichi kubwa yenye mpini. Mpini ukiwa juu, inveta inapokea umeme wa mtaani. Ukiwa chini, inapokea wa jenereta. Ukiwa katikati, haipokei kitu. Haikuwezekana kuwa juu na chini kwa pamoja, hata fundi awe nani.

"Unawasha jenereta kwanza," alisema. "Unaiacha itulie. Ndipo unashusha mpini. Kuzima, unaanza na mpini. Na petroli haimiminwi injini ikiwa ya moto, mzee. Nakuangalia."

"Kwa hiyo kazi yangu ni kushusha mpini."

"Na kuupandisha."

Harilal aliushusha, akaupandisha, akaushusha tena. Lazima isemwe kwamba aliupenda. Jenereta ilinguruma uani kwa mbali, feni ikaanza kuzunguka, na inveta ikawasha taa yake ya kijani. Champaben alianza kuamini kwamba mambo yameishia hapo.

Vicky alikuwa ameinama juu ya betri na kipimo chake. "Ila hizi betri," alisema, "mbona ziko tupu na jua lote hili? Jenereta ni ya siku mbaya. Hii sola peke yake ilitakiwa kuwatosha. Kuna kitu kinaziba. Mama, ngazi iko wazi?"

"Iko wazi," Champaben alisema. Sauti yake ilitoka ndogo.

Walipanda wote watatu. Champaben hakushangaa mwanzoni kumwona Harilal anapanda. Alikuwa na huzuni mno. Juu kulikuwa na jua kali na harufu ya pilipili manga. Sari nyeupe ilikuwa imetandazwa juu ya paneli zote, imebanwa pembeni kwa vibao, na papadi zimejipanga kwa mistari, zimeng'aa. Kunguru wawili kwenye waya wa simu waligeuza vichwa kutazama.

Vicky aliinua pembe ya sari. "Nani," alisema, "ameanika chakula kwenye mtambo?"

Champaben alivuta pumzi.

"Mimi," Harilal alisema.

Wanawake wote wawili wakamgeukia.

"Nimeanika mimi. Nilimwambia mke wangu asianike sehemu nyingine, hapa kuna joto. Paras akiuliza mwambie baba yake."

"Mzee, wewe goti lako linapanda huku?"

Champaben alikuwa analitazama goti la mumewe, lile goti la mashahidi, lililopanda ngazi ya chuma bila hata kushika ukuta. Akaitazama safu ya pembeni ya papadi, ambayo ilikuwa imepungua tena. Akawatazama kunguru. Mwisho akatazama sharubu za mume wake, ambapo palikuwa na punje moja ya pilipili manga.

"Baba Paras," alisema polepole. "Nimewatukana wale ndege siku zote hizi."

"Walistahili kwa mambo mengine," Harilal alisema.

Vicky akacheka mpaka akaketi juu ya kofia yake. Champaben hakucheka. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Harufu inashuka hadi bafuni."

"Ukajua kwamba ndizo zinazozima taa."

"Mimi si fundi hivyo, lakini si mjinga."

"Kwa nini hukuniambia? Kwa nini ukanunua jenereta?"

Harilal aliangalia upande wa bahari, ambayo siku hizi haikuonekana tena kwa sababu ya maghorofa mapya. Kwanza alisema ni kwa sababu ya chumvi ya papadi. Angesema, angeulizwa alijuaje, na daktari angepata habari. Mkewe akaendelea kumtazama, naye akaacha kutania.

"Tangu Zarna aondoke ulikuwa umeacha kuimba," alisema. "Mwaka mzima na zaidi. Nilifikiri ndiyo basi. Siku ulipoanza kuanika hapa juu ya vioo, ukaimba. Nakusikia kupitia dirisha la bafu. Sasa, taa zinazimika, sawa. Nikakwambie nini, shuka? Nikaenda Kariakoo kutafuta umeme mwingine."

Champaben alimpenda sana mzee yule pale juu, kwa hasira. Mumewe angekufa jikoni kwa ajili ya nyimbo ambazo yeye Champaben hata hakujua kwamba anaziimba.

"Ungeniambia tu," alisema. "Ningeimba hata gizani."

Vicky alikuwa amejipa kazi ya kuchungulia nyaya nyuma ya tangi la maji, na alikaa huko zaidi ya ilivyohitajika. Aliporudi alisema paneli zikiachwa wazi zitajaza betri, na kwamba vyuma vile vile vinavyozishika vinaweza kubeba kichanja cha wavu kwa nyuma, juu kidogo kuliko ukuta wa paa, kwenye jua lake chenyewe bila kuzitilia paneli kivuli. Atakileta kesho. Kuhusu Paras, alisema, atamweleza ukweli: paneli zilikuwa zimechafuliwa na kunguru, na amekwisha mshughulikia.

Kichanja kikaja. Jenereta ikabaki uani chini ya turubai, na ikawashwa mara chache, kwenye siku za mawingu, ingawa Harilal alishuka kila jioni kuifuta vumbi. Taa zikadumu mpaka asubuhi. Megha wa nyumba ya tatu akaanza kupanda na kibao chake, na kina mama wawili wengine ambao Champaben hakuwa amewajua.

Asubuhi moja kabla ya Divali alitandaza papadi zake zote, mstari kwa mstari. Zilipokwisha akatoa unga mwingine aliouweka kando, wenye pilipili manga tele na chumvi ya kuonja tu. Akasukuma papadi chache, ndogo, akaziweka peke yake kwenye pembe ya kichanja iliyo karibu na ngazi, mahali ambapo mtu mwenye goti anaweza kufikia bila kunyoosha mkono.

"Hizo za nani?" Megha aliuliza.

"Za kunguru," Champaben alisema, akaendelea na wimbo wake.